Mlipuko ukija tena, wazee wasifungiwe ndugu zao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji nizungumzie utaratibu wa kuwatembelea wazee wanaoishi katika makazi ya kulelea, hasa pale nchi inapokumbwa na ugonjwa wa mlipuko. Nimechagua kuandika sasa, wakati hali ni tulivu, kwa sababu utaratibu unaotungwa watu wakiwa wameshikwa na hofu huishia kuwa kufuli getini na tangazo lililobandikwa ukutani.

Wakati wa UVIKO-19 hofu hiyo ilikuwa na msingi. Umri mkubwa, kisukari na shinikizo la juu la damu viliwaweka wazee katika hatari kubwa, na mahali ambapo wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja na kuhudumiwa na watu walewale, kirusi kikiingia husambaa haraka. Canada, nchi yenye hospitali za kila aina, takriban asilimia 80 ya vifo vya wimbi la kwanza la mwaka 2020 viliwapata wakazi wa nyumba za wazee. Kwa hiyo simlaumu mfawidhi yeyote aliyefunga geti katika wiki zile za mwanzo. Ninachohoji ni geti lililobaki limefungwa kwa miezi bila mtu kujiuliza ni nani hasa anayezuiwa.

Wageni wa makazi ya wazee hapa Dar es Salaam ni wa namna mbili. Wapo wanaofika kwa makundi, aghalabu mwezi wa Ramadhani, Idi na Krismasi: vikundi vya kina mama, wafanyakazi wa ofisi, wanafunzi na waumini, ambao hushuka kwenye Coaster na mchele, unga, sabuni na mafuta ya kula, wakampa mkono kila mzee, wakapiga picha na kuondoka. Yupo pia mtoto, mjukuu au jirani wa zamani anayekuja peke yake, kwa mzee mmoja tu. Kwenye makazi aliyokuwa akiishi mama yangu mkubwa mwaka 2021, sisi ndugu tuliambiwa tuache vitu kwa mlinzi na kugeuza, ilhali msafara wa misaada wenye bango na mpiga picha ulipokewa hadi bwenini. Sidhani kulikuwa na nia mbaya; wenzetu walikuja na barua, sisi tulikuja na hotpoti. Lakini kwa hesabu ya maambukizi mambo yalipaswa kuwa kinyume kabisa, kwa kuwa mchele unaweza kupokelewa getini bila mzee kupungukiwa na chochote, ila ndugu hana namna ya kuachwa kwa mlinzi.

Ndugu ndiye anayetambua kwamba mzee ameanza kubakisha chakula, kwamba mguu umevimba, au kwamba jana alimwita mhudumu kwa jina la marehemu dada yake. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe inaitambua familia kuwa msingi wa matunzo ya mzee. Simu ya video tuliyoshauriwa kuitumia haikumfaa mama mkubwa, mwenye mtoto wa jicho na usikivu hafifu. Aliishika simu kichwa chini miguu juu, akawa anamuuliza mhudumu sauti ile inatoka wapi.

Uholanzi nayo ilipiga marufuku wageni katika nyumba za wazee Machi 2020. Mei mwaka huohuo ilifungua nyumba 26 kwa majaribio, kila mkazi akiruhusiwa mgeni mmoja maalumu, na katika wiki za mwanzo za ufuatiliaji hayakuripotiwa maambukizi mapya. Sisi tuna nafuu kuliko wao, kwani hali ya hewa yetu inaruhusu watu kukaa nje karibu mwaka mzima. Mabenchi mawili chini ya mwembe, yakitenganishwa kwa zaidi ya mita moja, ndoo ya maji tiririka na sabuni, barakoa inayoziba pua na mdomo, na daftari lenye namba ya simu ya kila anayeingia: hayo hayahitaji mfadhili. Kwa mzee asiyesikia vizuri, ambaye barakoa humficha midomo anayoitegemea kuelewa, mgeni aandike kwenye karatasi kwa herufi kubwa, au mhudumu aketi karibu amrudilie maneno.

Kile kipimajoto cha paji la uso kisitufariji kupita kiasi. Mtu anaweza kuambukiza siku mbili kabla ya dalili kujitokeza, na aliyetembea juani kutoka kituo cha daladala huonekana ana homa mpaka apumzike kivulini. Afadhali mgeni aulizwe kwa upole kama nyumbani kwake kuna anayekohoa, na akikiri asionekane mkosaji, bali apangiwe siku nyingine.

Mzee aliye mahututi awe na utaratibu wake. Ndugu mmoja, akivishwa vifaa vya kujikinga, aruhusiwe kuketi naye, na shehe au padri asizuiwe.

Mwongozo huo usiandikwe kwa kuifikiria UVIKO-19 peke yake. Marburg, iliyothibitishwa mkoani Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025, huenea kwa kugusana na majimaji ya mwili wa mgonjwa, hivyo umbali na upepo wa mwembeni havitoshi pale ambapo kumlisha na kumwogesha mzee ndiko kwenye hatari. Naomba Wizara ya Afya na maofisa ustawi wa jamii wa manispaa zetu waandae mwongozo unaotaja aina ya ugonjwa, nani mwenye mamlaka ya kufunga geti, na baada ya siku ngapi uamuzi huo lazima uangaliwe upya, kisha ubandikwe getini ili ndugu ausome kabla hajaanza kubishana na mlinzi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Msomaji wa Mbagala,
Dar es Salaam