Julai usije, njoo sasa mvua ikinyesha

Bukoba, Novemba

Waitu rafiki yangu,

Salamu nyingi kutoka Hamugembe. Sisi sote wazima, Mama anakusalimu sana, na wanangu kila siku wananiuliza shangazi yao wa Dodoma anakuja lini. Nimewaambia umesema Julai, mvua ikishakatika. Baada ya kuwajibu hivyo nikaona jambo hili simu haitoshi, bora nikae chini nikuandikie. Julai usije. Maana yangu, nyumba ni yako na mlango hauna kufuli kwako, lakini ukija Julai utakuwa umeikosa Bukoba yenyewe.

Nakuelewa. Umekaa Dodoma muda mrefu, huko mvua ni ya msimu mmoja, ikipita mnakaa miezi na miezi mbingu kavu. Kwa mwaka mzima hamfiki hata milimita 600, sisi tunacheza kwenye 2,000. Kwa hiyo ukipiga simu ukasikia mabati yanavyounguruma unaanza kunipa pole. Usinipe pole, rafiki yangu. Mji huu unachangamka wakati huu huu unaouogopa.

Mwanao aliniuliza siku ile kwa nini tunanyeshewa hivi wakati Mwanza, iliyo kando ya ziwa lile lile, haipati nusu ya shida hii. Nilimjibu haraka haraka kwa sababu nilikuwa na mteja, sasa mwambie vizuri. Upepo wa huku mara nyingi unatoka mashariki, unalivuka ziwa zima ukibeba unyevu, ukifika upande wetu wa magharibi unakutana na vilima na kulazimika kupanda juu. Hapo unamwaga ulichobeba. Halafu usiku nchi kavu inapoa kuliko maji, upepo unashuka kutoka pande zote kuelekea ziwani, mawingu yanajikusanya huko katikati, na alfajiri yanasukumwa kwetu. Ndiyo maana radi zetu zinaanza kupiga saa kumi na moja watu wakiwa bado kitandani, na saa nne au saa tano jua linatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayejua saa za mvua za Bukoba hapotezi siku yake. Mimi nguo za wateja nazikata asubuhi mvua ikipiga, kazi za kutoka na kwenda sokoni naziweka mchana.

Asubuhi yenyewe nadhani unaikumbuka. Bodaboda wamejibanza kwenye vibaraza vya maduka, mama wa chapati amevuta jiko lake ndani ya mlango, mtoto wa shule anapita mbio kichwani ana jani la mgomba, mwingine amejifunika kiroba. Hakuna anayeweza kuondoka, kwa hiyo watu wanaongea. Habari zote za mji huu nazipata kwenye kibaraza changu kati ya saa moja na saa tatu: nani anaoza binti, nani amerudi kutoka Dar, kahawa msimu huu inanunuliwaje, mechi ya wikiendi iko vipi. Mzee wa duka la jirani anatoa kahawa zake za kutafuna, kila mtu anachukua mbili tatu, basi mazungumzo yanakolea. Kiangazi watu hawa hawa wananipita mbio na kunipungia mkono tu.

Kinachosumbua kweli ni nguo kukauka. Sare za watoto nazining'iniza jikoni juu ya mafiga usiku kucha na bado asubuhi nazimalizia kwa pasi ya mkaa, na darasani nadhani nusu ya watoto wananukia moshi. Umeme nao radi ikipiga unakatika. Hayo unayajua, sina haja ya kukaa nayo.

Nataka nikuambie habari ya senene, wale panzi wetu wa kuliwa, maana ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Wameshaanza kushuka. Wiki iliyopita mvua ilinyesha jioni, ikakatika, usiku ukawa mtulivu bila mwezi, na kaka yangu akanipigia simu saa nne akasema njoo huku kilimani kwenye mtego haraka. Nilivaa mabuti nikapanda na mwanangu mkubwa. Hujaona mtego wa sasa, wewe uliondoka bado tunawakimbiza kwenye majani na taa za barabarani. Siku hizi wanasimamisha mabati mapya marefu kwa kuyalaza kidogo, chini ya kila bati pipa, katikati taa kali ambayo huwezi kuitazama. Pembeni wanachoma majani mabichi, moshi unapanda kuwalevya. Tulikaa kama nusu saa hakuna kitu, tunasikia vyura tu. Kisha mmoja akagonga bati, tik. Akaja wa pili. Halafu ghafla wakamwagika kutoka gizani kama changarawe inayomiminwa kutoka kwenye lori, wanagonga bati, wanateleza, wanaingia pipani. Watu walipiga kelele za furaha mpaka mbwa wakaanza kubweka. Wa kijani, wa kahawia, na wale wachache wenye rangi ya zambarau ambao mwanangu aliwafungia kwenye chupa awaonyeshe wenzake. Nywele zangu zilijaa senene, shingoni senene, hata ndani ya buti.

Tuliwanyonyoa mpaka karibu na alfajiri, mabawa huku, miguu huku, Mama akiwa amekaa kwenye mkeka anatusimulia enzi za bibi. Wanawake ndio waliotoka usiku kuwakamata, wakawanyonyoa, wakawapika, halafu kuwala ilikuwa mwiko kwao, wanakula wanaume. Mama anasimulia huku anatafuna, na nilifurahi sana kumwona hivyo. Tuliwakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi tu, taratibu, mpaka wakawa na rangi ya dhahabu na kuanza kulia kwenye kikaango. Nimekuwekea kopo moja. Lakini senene wa kopo na senene wa usiku ule ule ni vitu viwili, na Julai hakuna cha kwanza wala cha pili.

Mpira unaendelea kama kawaida. Uwanja wetu wa Kaitaba siku hizi una nyasi bandia, kwa hiyo ile habari ya mchezaji kupotea kwenye tope imekwisha, maji yanachuja na mechi inaendelea. Wenye nafasi wanakaa jukwaa kuu chini ya paa, sisi wengine tunalowana, na nakuhakikishia walioko kwenye mvua ndio wanaoshangilia zaidi. Na Simba na Yanga wakikutana, kibanda umiza cha hapa kwetu, kile cha kuonyesha mpira, kinajaa mpaka watu wanasimama mlangoni na miamvuli. Mvua ikipiga kwenye bati huwezi kumsikia mtangazaji, basi kijana mmoja mwenye sauti kubwa anasimama mbele na kutangaza mwenyewe. Anajua mpira yule mtoto, nasema kweli, kuliko wengi walioko redioni.

Na Desemba ndiyo hiyo inabisha hodi. Unajua watu wetu, kila aliyeko Dar, Mwanza au Arusha anataka Krismasi awe kijijini kwao, na anayeoza anaoza wakati huo ndugu wote wapo. Cherehani yangu hailali. Kwa sasa nina magomesi, yale magauni yetu marefu ya sherehe, ya send-off moja ya Rwamishenye, satini ya rangi ya chungwa, na nimegundua wateja wameanza kuniomba nipandishe pindo kidogo ili lisiguse tope. Nimewakubalia, ila gomesi fupi moyo wangu hautulii nalo, lile vazi linataka kuburuta kidogo mwenye nalo anapoingia ukumbini. Mwaka jana nilialikwa sherehe moja Kashai, mvua ikashuka katikati ya utambulisho wa ndugu, turubai likajaa maji, vijana wakawa wanalisukuma kwa miti yamwagike pembeni. Mzee mmoja alikuwa anapiga enanga, ala yetu ya nyuzi. Hakunyamaza. Alisogezwa na kiti chake hadi pakavu huku vidole vinaendelea, na mvua ilipozidi ikapigwa ile ngoma yetu, halafu wakafungulia nyimbo za Saida Karoli, basi waliokuwa wamekaa wote wakasimama. Bibi harusi alicheza peku. Mpaka leo watu wanaitaja sherehe ile, na harusi nyingi za kiangazi nilizohudhuria hakuna anayezikumbuka.

Sikufichi upande wa pili. Mto Kanoni ukifurika, waliojenga bondeni wanaamka maji yako chini ya vitanda, na kila mwaka tunachangishana magodoro na sufuria. Na mwezi huu wa Novemba moyo unaingia baridi tunapoikumbuka ile ndege iliyoangukia ziwani asubuhi ya tarehe 6, mwaka 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, karibu kabisa na uwanja. Walikuwa 43 ndani, 19 hawakutoka. Waliotangulia kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Nikipita ufukweni asubuhi yenye ukungu huwa nasimama kidogo, nawaombea. Mvua yetu naipenda, na naiheshimu.

Sasa tupange. Ukija kwa basi la kupitia Kahama na Biharamulo utachoka lakini utafika siku moja. Mimi nakushauri pitia Mwanza, upande meli ya New Victoria jioni, ulale majini uamkie Bukoba, uone mji unavyojitokeza kwenye ukungu na kisiwa cha Musira kikiwa hapo mbele. Ukiogopa maji, mabasi ya kutoka Mwanza siku hizi hayasubiri kivuko, yanapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, unavuka ghuba kwa dakika chache. Omba likizo yako wiki ya kwanza ya Desemba, kabla nauli haijapanda na mabasi hayajajaa.

Usibebe viatu vya kisigino. Mabuti ya mvua ninayo jozi mbili, na tunavaa namba ile ile. Niletee zabibu kavu za huko, za Mama uziweke kwenye mfuko wake maana hataki kugawana. Na nipimie kiuno na urefu wako uniandikie nyuma ya karatasi hii au kwa ujumbe, gomesi lako nataka nilianze wiki hii kabla foleni haijanizidi. Rangi chagua wewe, pindo nitakuamulia mimi.

Ni mimi rafiki yako wa cherehani,
Hamugembe