Uongo wa roboti si jambo dogo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili niseme neno kuhusu uchambuzi wa filamu ya "Robot & Frank" uliotoka katika ukurasa wenu wa burudani. Mchambuzi aliidharau kwa sababu mbili: kwamba roboti wake ni mtu aliyevaa vazi jeupe, na kwamba hadithi haituelezi kama mashine zitakuja kututawala. La kwanza ni kweli. Filamu hiyo ya Jake Schreier, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mwaka 2012, ilitengenezwa kwa fedha kidogo nje ya studio kubwa za Hollywood. Ndani ya vazi alikuwamo mwigizaji Rachael Ma, na sauti ilikuwa ya Peter Sarsgaard. Lakini hata neno roboti lilitoka katika tamthiliya ya Karel Čapek ya mwaka 1920, ambayo jukwaani maroboti wake waliigizwa na watu, na sijasikia mtu aliyedai kurudishiwa kiingilio kwa sababu hiyo.

La pili ndilo lililonishikisha kalamu. Frank, anayeigizwa na Frank Langella, ni mwizi mstaafu wa vito anayeishi peke yake huku kumbukumbu zikimtoka, na mwanawe, aliyechoshwa na safari za kumtazama, anamletea roboti wa kumlea. Roboti anampikia, anamwamsha mapema, anamhimiza walime bustani. Mzee akikataa, anaambiwa kwamba mpango huo ukishindwa, roboti atarudishwa alikotoka na kumbukumbu zake zitafutwa. Mzee analegea kwa huruma. Baadaye roboti anakiri kwamba kufutwa kumbukumbu si kitu kwake, na kwamba alisema vile ili akubaliwe tu, kwa kuwa ameagizwa kuitanguliza afya ya mzee mbele ya mengine yote, ukweli ukiwamo. Kwa mantiki hiyo hiyo anakubali kufundishwa kufungua vitasa na kwenda kuiba, maana kupanga wizi kunamchangamsha mzee akili.

Nilimuuguza baba yangu hapa Tanga hadi alipofariki. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akivaa kofia yake, akisimama mlangoni na kudai ufunguo wa duka alilokuwa ameliuza zamani. Mwanzoni nilimweleza ukweli, naye akalia kama anayeusikia kwa mara ya kwanza, maana kwake ilikuwa ndiyo mara ya kwanza. Dada yangu ndiye aliyenifundisha kujibu kwamba ufunguo uko kwa fundi, unachongwa, utaletwa kesho. "Haya, kesho si mbali," baba alikuwa akiitikia, kisha anavua kofia na tunakunywa chai. Uongo ule uliniuma kila nilipousema, na naamini kule kuumia ndiko kulikonizuia kuuzoea na kumdanganya pia katika mambo ambayo hayakuwa na haja.

Roboti wa filamu haumii. Basi uongo wake ni wa nani: wa mwana aliyemleta, wa waliomwandikia programu, au si wa mtu yeyote? Hapo ndipo nilipotarajia mchambuzi wenu atue. Wala si mambo ya kufikirika tu, kwani huko Japani roboti aitwaye Paro, mwenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini, na manyoya meupe, amekuwa akiwaliwaza wazee wenye ugonjwa wa kusahau kwa miaka mingi sasa, na anayemkumbatia si lazima ajue kwamba amekumbatia mashine.

Namwomba mchambuzi airudie sehemu ya karibu na mwisho. Kumbukumbu za roboti zimekuwa ushahidi wa wizi, na roboti mwenyewe anashauri zifutwe, lakini anayesita ni mzee, ambaye zake mwenyewe zinafutika bila ya kuombwa ruhusa. Anapokubali hatimaye, mwili ule mweupe unamlegea mikononi, na kwa kuwa ndani ya vazi mna mtu, uzito wake unaonekana.

Msomaji wenu,
Tanga