Mrehani wako haukufa kwa kiu

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na unisamehe kwa kimya changu. Huku sote wazima, mtoto kikohozi kimemwachia, wifi yako anakusalimu sana na anasema bado una deni lake, unalijua mwenyewe. Mengine yatangoja tukionana, maana tangu nisome ujumbe wako wa juzi nina jambo moja tu kichwani.

Umeniambia mrehani umekufa, wa tatu huu, na chungu umeshakitupa, na hutaki tena kusikia habari za mimea ndani ya nyumba. Halafu ukaandika: "Nilikuwa naumwagilia kila siku asubuhi na jioni, na bado ukanyauka." Maneno hayo nimeyarudia mara nne. Jibu limo humo humo, shoga. Mrehani wako haukufa kwa kiu, umekufa maji.

Wala sikulaumu, kwa sababu mmea huu unadanganya macho. Ukiwa na kiu unalegeza majani. Mizizi yake ikioza, unalegeza majani vile vile, maana mzizi uliooza haunyonyi kitu hata ukiwa umekaa ndani ya maji. Udongo ukilowa muda wote hewa haipiti, na mizizi nayo inataka hewa. Basi wewe unauona umelegea, roho inakuuma, unaongeza maji. Kesho umelegea zaidi, unaongeza tena. Ni huruma yako ndiyo iliyouua, na huruma si kosa.

Mimi wangu wa kwanza ulikwenda hivyo hivyo. Siku niliyoung'oa, shina lilitoka bila ubishi wowote, kama kijiti kilichochomekwa kwenye matope. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza vidoleni, na ule udongo ulinuka kama maji ya vase yaliyosahaulika. Juu bado kulikuwa na majani mawili ya kijani yananukia vizuri kabisa. Hayo majani mawili yaliniuma kuliko yote.

Sasa nisikilize. Usihesabu siku, inua chungu. Siku ukimaliza kumwagilia vizuri, kinyanyue kwa mkono mmoja uuzoee uzito wake. Kila asubuhi kinyanyue tena. Kikiwa bado kizito, kiache, hata kama jana hukumwagilia. Kikiwa chepesi, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha kwanza. Ukikuta pakavu, hapo mwagilia mpaka maji yatoke chini. Ambayo yatakusanyika kwenye kisahani yamwage. Kile kisahani chako cha bluu kizuri, nakikumbuka, kila nikija kwako kilikuwa na maji, na mimi sikusema. Ningesema siku ile ungekuwa na mrehani mpaka leo. Na chungu chenyewe kilikuwa na tundu? Nakumbuka kilikuwa cha kauri, lakini chini sikuwahi kukichungulia.

Shangazi anasema kuna mikono inayokubaliwa na mimea na mikono isiyokubaliwa. Nampenda shangazi, lakini hapa simfuati. Aliyemwagilia kila siku asubuhi na jioni bila kukosa ana mkono, alichokosa ni mtu wa kumwambia.

Halafu kuna jambo la pili ambalo hukuambiwa uliponunua. Ile miche inayouzwa tayari kwenye chungu kidogo, inayoonekana kichaka kinene, si mmea mmoja. Chungulia chini utaona mashina membamba yamesongamana, kumi, ishirini, yote yanagombea udongo wa kiganja kimoja. Yamepandwa hivyo ili yapendeze siku ya kuuzwa. Ukiyaacha yalivyo yanadhoofika upesi hata ukiyatunza vipi. Siku hiyo hiyo ulowanishe udongo, uutoe wote, uugawe kwa upole mafungu manne au matano, kila fungu chungu chake, udongo tifutifu wenye mboji kidogo. Utapoteza mashina mawili matatu, usijali.

Nilikuwa nataka kukwambia habari ya dirisha pia. Mrehani unataka jua lenyewe, muda wa saa 6 hivi kwa siku au zaidi, si mwanga wa kupita tu. Ukikosa jua unarefuka shingo, majani yanakuwa madogo na mbalimbali. Na baridi hauiwezi: joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi majani yanaanza kuwa meusi. Ndiyo maana yale uliyoyaweka kwenye friji yaliharibika. Vikonyo vyake vitie kwenye bilauri ya maji juu ya meza, vitakaa siku kadhaa.

Na kuchuma! Wewe ulikuwa unachuma majani makubwa ya chini, ukiuonea huruma ule ujana wa juu. Geuza. Mche ukifika kama sentimita 15, kata kilele chake, juu kidogo ya pale majani mawili yanapotazamana. Ukitazama karibu, kwenye kwapa la kila jani kuna kichipukizi kidogo kama punje. Ukikata juu yake, vile viwili vinaamka, shina moja linakuwa mawili, na mawili yakikatwa yanakuwa manne. Usichume zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo. Ukiona kishada cha maua kinaanza, kikate mapema, kwa sababu mmea ukishaingia kwenye maua na mbegu unaacha kushughulikia majani, na ladha nayo inageuka.

Narudi kwenye maji, maana ndiko moyo wangu uliko, na ndiko lilikojificha ombi langu. Mwezi ujao nasafiri kikazi wiki tatu. Hapa nyumbani wote wanaahidi kumwagilia, na ahadi zao unazijua. Nataka mirehani yangu ije kwako.

Usiseme hapana kwanza. Wiki iliyopita nilikata vilele vinne, kila kimoja kama sentimita 10, visivyo na maua, nikavivua majani ya chini na kuvitia kwenye bilauri mahali penye mwanga pasipo jua kali. Maji nabadilisha kila baada ya siku mbili. Jana asubuhi nimeona mizizi: nyuzi nyeupe fupi, zimetoka kwenye kifundo cha shina kama ndevu za mtoto wa paka. Ikifika sentimita 3 au 4 navihamishia kwenye udongo. Viwili ni vyako moja kwa moja, hata nikirudi. Viwili na mmea mama ni vya kunitunzia. Ukiona majani yana manjano kati ya mishipa na vumbi la kijivu kwa chini, yang'oe uyatupe mbali na mingine, halafu unipigie simu saa yoyote, hata nikiwa mkutanoni.

Na nikirudi nikakuta mmoja umekufa, sitakasirika. Nitakasirika nikikuta kisahani kina maji.

Sasa nijibu. Dirisha lako la jikoni linapata jua la asubuhi au la mchana? Lile pazia zito bado liko pale? Yule paka bado anatafuna kila kilicho kijani, au ameacha? Unavyo vyungu vyenye tundu, au nije navyo? Lile chungu ulilotupa, kweli umelitupa au liko nyuma ya mlango? Ukilikuta, lioshe kwa sabuni na maji ya moto kabla ya kulitumia tena. Na Mama Hawa alikujibu nini kuhusu lile jambo? Mbona umeninyima mwisho wa hadithi?

Jumamosi nikuletee, au Jumapili?

Wako, shoga yako wa siku zote