Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka wa Posa Iliyopotea Nyumba

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha maigizo, mzee wetu mlezi, na nyinyi majirani mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau: karibuni. Pilau ipo, ila inaliwa baada ya taarifa ya fedha. Nimeshaongea na wapishi.

Mwaka jana tulikaa hapa hapa tukakubaliana mambo mawili. La kwanza, tupumzike kidogo na michezo ya kuelimisha watu kuhusu chandarua, maji safi na uzazi wa mpango. Michezo hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha, sikatai, lakini tulishafika mahali watoto wa Ngamiani, hapa Tanga, wanaimalizia mistari yetu kabla yetu. Tukasema tucheze vichekesho vya mapenzi. La pili, tucheze kwa maandishi, kila mtu aje jukwaani na mistari yake kichwani. La kwanza lilipita kwa makofi. La pili lilitugombanisha mpaka Ramadhani, na ndilo nitakalolisemea zaidi.

Tulianza na Ngoswe, tamthilia ya marehemu Edwin Semzaba, baada ya kuomba ruhusa kwa wenye haki. Tuliichagua kwa hesabu za dukani: imesomeshwa sana sekondari, walimu wangewaleta wanafunzi. Lakini ni mchezo wa mapenzi hasa. Karani wa sensa anatumwa kijijini kuhesabu watu, anamwona Mazoea, kuhesabu kunaishia hapo. Baba wa binti, mzee Mitomingi, anapogundua kuwa mwanawe anatoroshwa, anayatia moto makaratasi ya sensa. Sisi tuliamua yachomwe mbele ya watazamaji, ndani ya karai, ndoo ya mchanga pembeni.

Mitomingi alichezwa na Mweka Hazina wetu. Siku ya onyesho la pili, mtunza vifaa alikuta bahasha ya kaki nyuma ya pazia, akadhani ndiyo sensa, akaiweka mezani. Mweka Hazina akaibeba kwa hasira zote za mzazi aliyeibiwa, akaimimina karaini, akawasha kiberiti. Vipande vilipoanza kujikunja ndipo alipoutambua mwandiko: wake mwenyewe. Alipiga magoti akawa anauzima moto kwa kofia ya ukili. Wanafunzi walisimama juu ya viti. Mwalimu mmoja aliniambia baadaye kwamba hajapata kuona Mitomingi anayejuta haraka namna ile, na kwamba ni tafsiri mpya ya mhusika. Nilimshukuru. Vilikuwa vishina vya tiketi za onyesho la kwanza.

Baada ya hapo tukaingia kwenye kichekesho chetu wenyewe, cha barua ya posa. Kwa wasiokiona: kijana anamtuma mshenga nyumba ya jirani, mshenga ni bahili na miwani ameisahau, barua pamoja na kitambaa chenye pesa ya kifungua mlango anaviacha nyumba siyo. Anavipokea mjane ambaye jibu lake ni ndiyo, siku hiyo hiyo, na pesa ameshanunulia nazi. Kijana inabidi aingie kwa dirisha usiku kuifuata barua yake. Naye mama yake kijana, aliyekwisha kusikia habari, anafika kupiga hodi.

Hapo ndipo ule mlango wa plaiwudi ulipotushika. Masika ilikuwa imeuvimbisha. Mama anapiga hodi, ndani wanasema karibu, mlango hauendi. Hodi ya pili. Hodi ya tatu, sasa na bega. Ukumbi kimya kabisa, nami kwenye taa jasho linanitoka. Bibi mmoja mstari wa mbele akasema, kwa sauti ya mtu anayesaidia tu: "Si apite dirishani, mwenzie kapita huko huko!"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile katika ukumbi wetu. Na kesho yake wale wenzetu wanaopinga maandishi wakanijia: umeona, Mwenyekiti? Kichekesho ni cha papo kwa papo. Mzee wetu mlezi naye akatukumbusha Tanga ya vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, wapigaji wakipumzika, waigizaji wawili wanaingia na kanga moja na bakora, hawana karatasi, na watu wanavunjika mbavu.

Namheshimu mzee. Lakini tuulizane kwa nini kauli ya yule bibi ilifanya kazi. Ilifanya kazi kwa sababu dirisha tulilionyesha tangu mwanzo wa mchezo, kijana akapitia humo mguu mmoja mmoja, kanzu ikanasa, kila mtu akaona. Bibi aliokota tulichokuwa tumekwisha kukipanda. Tena mwenye ushahidi ni mimi: onyesho lililofuata, kijana wetu mmoja, simtaji, anajijua, aliirudia kauli ile mwenyewe, mlango ukiwa mzima unafunguka vizuri. Hakucheka mtu. Nilimsikia hata muuza karanga akikohoa.

Na tusisahau papo kwa papo yetu ya zamani ilikuwaje. Mto tumboni, suruali hadi kifuani, kithembe. Dakika kumi watu wanacheka, ya kumi na moja wanatafuta ndala. Yule mshenga wa mwaka huu hakuvaa mto. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu zake, anayetaka tu kuokoa nauli ya bodaboda, na ubahili ule mdogo ukabomoa nyumba mbili.

Pendekezo langu, litakalopigiwa kura: maandishi yabaki, ila katika kila mchezo tuache sehemu moja wazi, kama pale mshenga anapojieleza kwa wazee, wenye vipaji vya papo kwa papo wajimwage. Nje ya hapo, mkumbushaji wa mistari awe na ruhusa ya kukemea.

Mengine ni mafupi. Usajili wetu BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, uko sawa. Mazoezi tumeyahamishia Jumamosi baada ya alasiri, na dada watatu waliokuwa wameacha kwa sababu ya usiku wamerudi. Mume wa mmoja wao alikuja mara mbili kuhakikisha ni mazoezi kweli. Mara ya tatu tukamvalisha koti, ndiye mshenga.

Seremala bado anatudai bawaba mbili na randa ya mlango. Sasa namkaribisha Mweka Hazina asome hesabu, kwa vishina vile vilivyosalimika.