Barua kwa vijana wangu wa gereji, kuhusu shokapu na yale ya Jumamosi

Wanangu habari za saizi. Naandika hapa kwenye simu maana nikisema kwa mdomo presha itapanda na daktari kashanionya, alaf nyie wakati wa chai hamsikilizi mnabishana mpira tu. Jumamosi nilikuwa nimekaa pale kwenye tairi langu nikaona kila kitu. Sitaji mtu, wawili mnajijua. Mmoja mteja kamwambia neno moja tu, "mafundi wezi nyie", hajamaliza kijana kashamkunja shati. Mwingine huyo mteja alikuwa anamsema tangu Machi na hajawahi kufungua mdomo, sote tukawa tunamsifia dogo mtulivu, dogo ana busara, Jumamosi hiyo hiyo kachukua nyundo kavunja saiti mira ya gari. Gari ya watu jamani.

Sasa hapo aliyekosa utulivu nani? Mtasema wote. Mimi nasema huyu wa pili hata siku zile tunamsifia hakuwa mtulivu, alikuwa mzito tu, na kama mnaona nawachanganya twendeni kwenye shokapu.

Shokapu mnafunga kila siku lakini sijui kama mshawahi kuifikiria. Gari inabebwa na springi. Ila springi ikiachiwa peke yake ni ya kunesa tu, inapanda inashuka inapanda, umepita tuta hili unafika tuta la mbele bado unanesa kama uko kwenye ngalawa. Kinachoituliza ni oili. Mle ndani ya shokapu kuna pistoni yenye vitundu vidogo, oili inalazimishwa ipite pale na yenyewe inagoma kupita haraka, huo ugomvi wake ndo wenye vitabu wanauita mnato, na ile nguvu ya mtikisiko inageuka kuwa joto. Ndo maana gari ikitoka rafu rodi ndefu ukashika shokapu unatoa mkono mwenyewe. Gari inayotulia nayo imepigwa na mashimo yale yale, sema ina pa kuyapeleka.

Mnajua ile tesiti yetu, unakandamiza kona ya gari kwa uzito wako wote unaachia. Ikipanda ikakaa, nzima. Ikinesa mara tatu nne shokapu imekufa, chungulia chini utakuta imelowa. Huyo ndo kijana wangu wa kwanza, oili imevuja, neno moja la saa tatu asubuhi linamnesesha mpaka jioni.

Wa pili nimjibu kwa kosa langu mwenyewe, miaka hiyo bado nina nywele. Alikuja mtu wa bodaboda shokapu za mbele zinagonga, mimi na ujuaji wangu nikamwaga oili yake nyepesi nikajaza oili ya injini namba 40, nikijua nzito ndo dawa. Akaondoka anacheka, pikipiki imekaza. Wiki ya pili karudi mikono inamuuma mpaka mabegani na sili zote mbili za kuzuia oili zimetoka. Kumbe shokapu ilikuwa haitembei kabisa, kila shimo lilikuwa linaenda moja kwa moja kwenye mifupa ya yule baba. Sili nilinunua kwa hela yangu, na maneno yake mpaka leo nayasikia.

Tena kizito hakijasimama. Kule Brisbane Australia, Chuo Kikuu cha Queensland, mwaka 1927 profesa mmoja Thomas Parnell aliweka lami kwenye faneli ya kioo akaiacha idondoke yenyewe. Lami ile ukiigonga nyundo inapasuka vipande, utaapa ni jiwe. Lakini inatiririka, mpaka 2014 yalikuwa yameanguka matone tisa tu. Miaka yote hiyo mpita njia anaona haijatikisika. Mwanangu wewe ulikuwa unatiririka tangu Machi, na sisi tunapita tu.

Alafu kuna habari ya joto. Pale kwenye kopo la oili ya injini lililoandikwa 20W-50 ile W ni winta, yaani majira ya baridi, namba ya kwanza ni tabia ya oili ikiwa ya baridi, ya pili inapimwa ikiwa nyuzi 100. Ndo oili ile ile, asubuhi kwenye baridi ya Makambako imekaza kama asali, siku unapanda mlima Kitonga na mzigo imelainika inakimbia kama maji, na ingekuwa mbaya zaidi kama watengenezaji wasingeiwekea vitu vya kuizuia isilainike sana. Na mtu ndo hivo hivo bana. Yule mteja alikuja saa nane, jua kali, hamjala, na mmoja wenu najua ana mgonjwa nyumbani hajalala. Bei saa nane haizungumzwi! Mwambie mzee kaa kivulini nile kidogo tuongee, akigoma niite mimi, ndo kazi ya mvi hizi.

Na wewe mkimya sikuombi uwe mpole zaidi, upole umekutosha. Nataka vitundu. Akikusema leo niambie leo, hata kwa kununa, hata kwa meseji ya mstari mmoja.

Saiti mira nishaiulizia kwa wauza spea wa mtaa wa Gerezani, bei inavumilika. Nusu natoa mimi, maana tangu Machi nilikuwa nasikia nikakausha pale kwenye tairi langu, nusu mtagawana nyie wawili. Jumatatu saa mbili mje wote, chapati nitanunua. Kuna Noah ya mwalimu shokapu ya nyuma kushoto imelowa, mtaifungua pamoja, mmoja ashike spana mmoja ashike jeki, na mkibishana mbishane kwa sauti nisikie.