Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chupa Sita na Deli la Barafu

Ndugu wanachama, wazazi na walezi mliofika, na wadogo zetu mliomaliza kidato cha sita juzi juzi, habari za asubuhi.

Mkutano huu ulikuwa ufanyike Mei. Sababu ya kuahirishwa mnaijua: mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na nusu yetu tulikuwa ng'ambo ya pili. Chama cha watu wanaosomea uhandisi wa mazingira kukwamishwa na maji ya mvua ni aibu kidogo, lakini tuyaache hayo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini. Mimi nasema moja tu: ada zinaingia Novemba, korosho zikishapigwa mnada, halafu ikifika Machi simu hazipokelewi. Tunajuana.

Jambo lililonikaa moyoni mwaka huu ni visima vya Mikindani, hapa jirani na Mtwara mjini. Mwenzetu wa mwaka wa nne pale Chuo Kikuu Ardhi alikuwa anatafuta kichwa cha projekti ya mwisho, akaja na wazo kwamba tupime maji ya nyumbani badala ya kila mwaka kuandika habari za mto Msimbazi wa Dar. Oktoba, kabla vyuo havijafunguliwa, tukaenda sita na kipima chumvi cha kuazima.

Kwa wazazi nifafanue kidogo. Huku pwani maji baridi yaliyo chini ya ardhi yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kanuni tunayofundishwa, ya Mholanzi Ghyben na Mjerumani Herzberg, inasema kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari imebebwa na kama mita 40 nyingine zilizo chini yake. Sasa igeuzeni. Ukivuta kwa pampu mpaka maji yashuke mita 1, chumvi huko chini nayo inaanza kupanda taratibu kuzidai mita 40 zake. Ndiyo maana kisima kilichonywewa miaka na miaka kwa ndoo na kamba kinaweza kuharibika baada ya kufungwa mota.

Kisima cha kwanza kilikuwa cha bibi mmoja nyuma ya soko. Alitutazama tunachovya kile kifaa, akauliza, "Wajukuu zangu, mnapima nini hapo?" Tukamwambia chumvi. Akacheka. "Leo maji mafu, mtaona nini? Rudini bamvua." Maji mafu ni siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana; bamvua ni siku inapojaa na kupwa kuliko kawaida. Tukarudi siku za bamvua, na kweli namba zilipanda kuliko mara ya kwanza. Yule mwenzetu hakuwa amepanga kabisa kufuata kalenda ya maji kupwa na kujaa. Sasa ni sura nzima ya projekti yake, na msimamizi wake chuoni ameipenda.

Bibi akaongeza kwamba kisima cha jirani hakifai kupikia mbaazi, kuni zinaisha na mbaazi ngumu vile vile, na sabuni haitoi povu. Maabara hilo tunaliita ugumu wa maji, kalsiamu na magnesiamu, na tunalipima kwa kudondosha kemikali tone kwa tone mpaka rangi igeuke kutoka wekundu wa zabibu kuwa buluu. Yeye kipimo chake ni sufuria. Majibu yetu yalifanana na yake.

Mpaka hapo mambo mazuri. Sasa kosa, na kosa ni langu.

Tulitaka pia kujua kama visima vile vina vijidudu vya kinyesi, maana vyoo na makaro vimekaa karibu. Jumatano saa kumi jioni tukajaza chupa sita zilizochemshwa. Nikaazima deli kwa kijana muuza barafu jirani yangu, tukalijaza barafu, na Alhamisi alfajiri nikapanda nalo basi la Dar es Salaam. Kama kilomita 560, deli liko miguuni. Tulipofika Nangurukuru nikafungua kifuniko: barafu imekuwa maji, chupa zinaelea kama samaki waliokufa. Nikanunua barafu nyingine ya mifuko. Tuliingia mjini jioni, maabara imeshafungwa. Ijumaa asubuhi mtaalamu akasoma saa niliyoandika kwenye lebo, akashika chupa moja, akairudisha. Sampuli ya vijidudu inatakiwa ifike ikiwa ya baridi, ndani ya saa 24, na ikiwezekana ndani ya saa 6. Zangu zilikuwa na saa 40. Katika joto vijidudu huzaana na vingine hufa, kwa hiyo ambacho angepima ni safari yangu, si kisima.

Halafu akaniuliza kwa upole tu, "Kwani kaka, Mtwara hamna maabara ya maji?"

Ipo. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Mtwara mjini. Kutoka Mikindani ni safari ya daladala. Nimesoma miaka minne, nimefanya kazi miwili, na haikunijia akilini, kwa sababu kichwani mwangu kipimo cha kweli ni cha Dar.

Nimelieleza kwa kirefu kwa kuwa naona ugonjwa huo huo kwenye fildi. Ikifika miezi ya mafunzo kwa vitendo, karibu wote mnaomba nafasi Dar, mnalala wanne chumba kimoja Mbagala, na wengine mnaishia kutumwa fotokopi. Huku nyuma kuna mradi wa maji wa Makonde, unaosukuma maji kutoka bondeni kupandisha uwandani, ambako mvua inanyesha na mchanga unaimeza isionekane tena. Kuna mitambo ya gesi Madimba. Kuna viwanda vya kubangua korosho, na mama zetu wanajua mafuta ya ganda la korosho yanavyobabua vidole. Maganda yale yanachomwa wapi, na moshi wake unakwenda kwa nani? Kuna makaa ya mawe kutoka Ruvuma yanayopita bandarini kwetu na vumbi lake. Hizo zote ni projekti za mwaka wa nne zinazosubiri mtu.

Najua wapo watakaosimama kunipinga, kwamba fildi ya Dar ndiyo inayokupa watu wa kukukumbuka wakati wa ajira. Si uongo. Lakini mtu wa kukukumbuka anahitaji kwanza kukuona ukifanya kazi.

Kuhusu masomo: wenzetu wawili walipata sapu, yaani mtihani wa marudio, ya makanika ya vimiminika na wote wamevuka, hakuna aliyedisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Wahitimu wetu wawili wameanza uanagenzi wa miaka 3 chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Wadogo zetu, PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, ndiyo njia iliyonyooka kwa kozi hii. Someni mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wenyewe, msitegemee kusimuliwa. Na mkopo: angalieni jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane na la cheti cha shule herufi kwa herufi kabla ya kukihakiki RITA, wakala wa usajili wa vizazi. Mwaka huu tulihangaika wiki tatu na kijana ambaye shule ilimwandika kwa jina la babu. Wazazi nao, tafadhali, mtu akiuliza mwanao anasomea nini msiseme "kufagia na kupanda miti." Anasomea maji mnayokunywa na yale mnayoyamwaga.

Kamati inaleta maombi mawili myapitishe leo. La kwanza, tununue kipima chumvi chetu, na sampuli zote zipelekwe hapa hapa Mtwara mjini, asubuhi ile ile zinapochotwa. La pili, kila mwenye nyumba Mtwara, Lindi, Newala au Masasi aseme kama anaweza kumlaza mwanafunzi mmoja wa fildi. Daftari liko kwa katibu, pale mlangoni.

Na yule kijana wa barafu analitaka deli lake. Mfuniko ulipasuka njiani. Naomba mhazini aniruhusu nimlipe kabla hatujaachana.