Meneja asema nimesahau anayenilisha

Shangazi,

Nakuandikia kabla ya jogoo kuwika hapa Mamboleo, maana usingizi umenikataa tangu nisome yale maneno. "Wengine ikifika saa kumi na moja jioni wanasahau anayewalisha." Meneja ameyaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha kazi saa tano usiku, mbele ya madereva, walinzi, hata vijana wa mafunzo. Jina hakutaja, lakini nani hajui kwamba hesabu ya stoo ni yangu?

Mimi si mvivu. Lori likikwama njia ya Busia napokea simu saa yoyote, hiyo ni dharura. Lakini idadi ya mifuko ya saruji iliyobaki ni dharura gani? Ilikuwa kwenye ripoti niliyomtumia kabla ya kufunga ofisi. Usiku anaiuliza tena, kisha anachungulia tiki za buluu. Ukisoma usijibu, kosa. Usiposoma, kosa kubwa zaidi. Nikizima data anampigia mume wangu, kwa namba niliyoandika kwenye fomu ya jamaa wa karibu nilipoajiriwa!

Mume wangu ananiambia nizime simu kabisa. Kwake ni rahisi, ana kinyozi Kondele, akifunga amefunga. Mimi mama yangu yuko Ugunja na ana presha, nitazimaje?

Eti meneja ananilisha. Mshahara wangu naufanyia kazi, Shangazi. Silishwi na mtu.

Shemeji yangu anasomea sheria. Aliniambia Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Basi mbona Jumapili niko kanisani najibu maswali ya misumari? Akanieleza pia mswada wa 2022 wa Seneta Samson Cherargei wa Nandi, uliotaka mwajiri anayewasumbua watu baada ya saa za kazi atozwe faini ya hadi Sh500,000. Waajiri waliupinga. Ufaransa wafanyakazi wana haki ya kutojibu mambo ya kazi nje ya saa za kazi tangu 2017. Ila mswada si sheria, na meneja wangu hatishiki na habari za Ufaransa.

Nimefikiria kujiondoa kwenye kikundi. Lakini ratiba ya wikendi hutumwa humo humo, na nikitoka atampa hesabu yule kijana mpya. Hilo sitalivumilia, ile stoo nimeipanga mimi tangu ikiwa vurugu tupu. Usinielewe vibaya, kazi naipenda, na sitaki kusikia ushauri wa kuacha. Karo ya muhula ujao haijakamilika.

Wala sitaki aniombe msamaha. Ila angeandika neno moja tu, pale pale alipoandika lile la kulishwa, wale wale walisome. Madereva waliweka vicheko chini yake, Shangazi. Watu ninaowaandikia risiti kila siku.

Nimeshaandika jibu, la heshima, nikamweleza kwamba saa za usiku nitapokea simu ya dharura pekee. Bado sijalituma. Je, nilitume kwenye kikundi waone wote, au nimwandikie peke yake? Mume wangu anasema nikilituma kikundini nitafutwa. Nikimwandikia peke yake nahisi nitakuwa nimekubali kwamba kweli nalishwa.

Nijibu kabla ya Jumatatu, tuna mkutano naye asubuhi.

Msomaji wako, Kisumu